Televisheni Inayokula Watu wa Pembeni

Ninyi mnaopita sasa na mkoba mgongoni, laptop ndani na waya zikining'inia, mnaniuliza kila siku kwa nini nimeacha kazi. Mnaniuliza njiani, mnaniuliza sokoni, hata kanisani wakati wa sadaka. Mimi si mtu wa kujibu mbele ya watu. Maneno yangu huja nikishafika nyumbani, yote pamoja, na yakija yana hasira. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika. Shule yangu iliishia ya msingi na mkono wangu ni mzito, lakini hakuna anayenikimbiza. Kuna mtu aliniambia kwamba kustaafu ni kwa wazee wenye mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na meno yote mdomoni.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wasioijua wataisoma pia, basi niieleze. Nyumba nyingi hapa mjini Baraka, na kando yote ya ziwa, bado zina televisheni za zamani, zile za tumbo, zenye mgongo mkubwa. Na nyumba nyingi zina watu waliotawanyika. Mmoja yuko kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, mwingine Bukavu, mwingine nchi za theluji. Wanaoa kule, wanazika kule, wanabatiza kule, halafu wanatuma video ndani ya flash. Televisheni ya tumbo haijui flash. Ndipo tunapoitwa sisi. Laptop huku, televisheni kule, na katikati kisanduku kidogo kinachotoshea kiganjani, tunachokiita konvertisa. Kinapokea picha mpya ya laptop na kuibadilisha kuwa picha ya zamani ambayo televisheni ya tumbo inaweza kuimeza.

Watu wanaita kazi hii kuonyesha sinema, na neno hilo linaniudhi. Mwanamke akikuita umwonyeshe maziko ya mama yake ambaye hakuweza kwenda kumzika, hiyo si sinema.

Aliyenifundisha ni fundi Etabo, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza radio na simu karibu na soko. Sasa amehamia Uvira. Alikuwa mtu mfupi, mwenye maneno machache, nami nadhani alinichukua kwa sababu nilikuwa na machache kuliko yeye. Siku yangu ya kwanza tulikwenda Nundu, kwa familia iliyotumiwa video ya harusi ya mtoto wao. Njia nzima alinibebesha mkoba bila kunieleza kitu. Tulipofika akaketi kwenye kiti cha wageni, akapokea chai, akaniambia, "Haya, unganisha."

Nikaunganisha. Waya wa HDMI kutoka laptop hadi kwenye kisanduku. Ule waya mwembamba wa USB pia, kwa sababu kisanduku hakifanyi kazi kama hakikulishwa umeme. Halafu upande wa pili fishi tatu, yaani vichwa vya waya vya kuchomeka: ya njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Nikatafuta AV kwenye televisheni. Picha ikaja. Ilikuja bila rangi, tena inakimbia kwenda juu bila kusimama, kama inafukuzwa.

Baba wa nyumba akasema, "Ile harusi ilikuwa mwezi uliopita. Mbona inafanana ya wakati wa Babeleji?"

Nyumba nzima ikacheka, maana Wabelgiji waliondoka zamani. Mimi nikaanza kuchomoa kila kitu kwa pupa. Etabo, aliyeniita petit, yaani mdogo, alimeza chai yake kwanza.

"Petit, kama picha inakimbia, weye usikimbie. Angalia ubavu wa kisanduku."

Ubavuni kuna kitufe kidogo cha kusukuma kwa ukucha. Upande mmoja kimeandikwa PAL, upande wa pili NTSC, aina mbili za picha za televisheni. Nilisukuma. Picha ikatulia, gauni la bibi harusi likawa jeupe na nyasi zikawa za kijani. Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye kazi hii picha ikikataa ni kosa lako, na ikikubali ni sifa ya televisheni. Lizoeeni hilo mapema.

Nawaachia mengine niliyofundishwa, kwa sababu wengi wenu mnaishi kwa kubahatisha. Laptop isipotoa picha, bonyeza kibonyezo chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P, uchague picha itoke kote kuwili. Sauti ikibaki kwenye laptop, ingia penye alama ya spika na uielekeze kwenye konvertisa. Niliwahi kuaibishwa Swima mbele ya kwaya nzima kwa kulisahau hilo. Walikuwa wakifungua midomo kama samaki, na kiongozi wao akaniuliza kama nimewalipa wanyamaze. Usinunue kisanduku chepesi kupita kiasi. Nilikifungua kimoja cha aina hiyo, nikakuta ndani wameweka kipande cha chuma ili kiwe na uzito, na kazi yote inafanywa na kitu kidogo kama ukucha wa mtoto, kinachochoka kikipata joto. Aliyekitengeneza alijua. Aliyekileta Baraka alijua pia.

Jambo kubwa zaidi Etabo alinifundisha kwa maneno machache kuliko yote. "Televisheni ya tumbo inakula pembeni," alisema. Kioo chake hakionyeshi picha yote. Kila upande inameza kama upana wa vidole viwili, wakati mwingine zaidi, na iliyomezwa huwezi kuiona hata ukitengeneza fishi mpaka kesho. Kwa mambo ya kawaida haina shida. Nani analia kwa kukosa kipande cha ukuta? Lakini Etabo alikuwa hajazi picha kwenye kioo chote. Aliiacha ndani ya dirisha lake na kulipunguza kidogo, hata weusi uonekane pande zote. Weusi ukionekana, ujue hakuna kilicholiwa. Nilifanya hivyo miaka yote ya kazi yangu.

Sasa nifike Lweba, maana huko ndiko kazi yangu ilikoishia.

Familia yenyewe ni ya watu wa siku nyingi pale. Baba wa nyumba alikwishakufa, na mwenye sauti alikuwa dada yake, tuliyemwita Shangazi Feza, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye akiacha kucheka watu husogeza viti nyuma. Alikuwepo mama yao, bibi mzee sana, kila mtu akimwita Koko. Na alikuwepo Baba Mdogo Wilondja, mdogo wake marehemu, mtu wa kukaa karibu na mlango na simu mkononi.

Marehemu aliacha binti, Riziki, aliyekulia ng'ambo ya ziwa, kambini, pamoja na ndugu za mama yake. Riziki aliolewa kule na kijana anayeitwa Heri. Mahari ilitolewa kule, kwa sababu watu wa Lweba hawakuweza kuvuka wakati ule. Sasa Riziki alikuwa amekuja na mume wake kuonyeshwa nyumba ya baba yake. Lakini kwa ukoo ule, binti haingii mpaka watu wa baba wathibitishe kwamba mahari ilikwenda vizuri, na mahari haijaenda vizuri kama mjomba, ndugu wa mama, hakuwepo. Bibi harusi anampelekea mjomba kikombe cha maji mbele ya watu. Akinywa, ndoa imesimama. Asipokuwepo wa kunywa, binti huyo wanamhesabu kuwa ameibwa, na aliyeibwa hapitishwi kwenye mlango wa baba.

Kwa hiyo niliitwa nionyeshe video ya mahari. Riziki na Heri waliketi nyuma ya lupango, ule ua wa miti unaozunguka nyumba, wakingoja kuitwa. Nilipita karibu nao nikiingia. Riziki alikuwa amevaa kitenge kipya na ameshika mfuko mapajani. Akanisalimia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Inachukua muda murefu?"

Nikamwambia hapana.

Ilikuwa mchana. Wakafunga madirisha kwa vitenge. Betri ya sola ilikuwa imejaa, fishi zikakaa, picha ikaja mara moja na rangi zake. Nilikuwa nimeipunguza kama kawaida, weusi ukizunguka pande zote. Shangazi Feza akasimama.

"Petit! Hii nyeusi ni ya nini? Unatuwekea picha sawa ya marehemu? Hapa hatuna matanga!"

Nikajaribu. "Shangazi, tukiijaza, televisheni itaku..."

"Jaza! Kioo ni chetu, tutumie yote."

Watu wakaitikia, jaza, jaza. Nikajaza. Naandika hivi ili mjue ni nani aliyeomba.

Tukaangalia. Aliyepiga video alisimama mahali pamoja, bibi harusi katikati, wazee kwenye benchi. Konvertisa inaibana picha pana ili ienee kwenye kioo cha mraba, hivyo watu wote walionekana wamekonda, na Shangazi Feza akasema kule kambini hawawapi watu chakula. Wakacheka. Waliwataja mmoja mmoja: huyu ni mama mzazi, huyu ni mchungaji, yule ni baba yake Heri. Kisha Riziki akainuka na kikombe. Akatembea kwenda kushoto, akapiga magoti, akanyoosha mkono. Mkono ulifika kwenye ukingo wa kioo ukaishia hapo.

Koko ndiye aliyeuliza. "Anamupa nani maji?"

Wakati huohuo Shangazi Feza akasema, "Na mujomba? Asukulu iko wapi?"

Wakaniambia niirudishe nyuma. Nikarudisha. Asukulu, ndugu wa mama, hakuwepo. Wakaniambia nianze mwanzo. Hakuwepo. Kicheko kikaisha ndani ya nyumba ile.

Shangazi Feza akampigia simu, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. "Asukulu, siku ya mahari ya Riziki ulikuwa wapi?"

Ikajibu sauti ya mwanamume: "Munaniuliza mimi? Kama nilikuwa kwa mutoto wa dada yangu? Feza, nani amekufundisha matusi hii?" Akakata. Wakapiga tena, amezima.

"Muliona?" Shangazi akasema. "Muntu ya haki haizime simu."

Hapo nikasimama. Nikasema mjomba yupo, ameliwa na televisheni, waje waangalie kwenye laptop. Niliigeuza ile laptop kuwaelekea. Alikuwa pale, mwisho wa benchi, amevaa kofia, kikombe mdomoni. Kioo cha laptop ni kidogo na kilikuwa chini, juu ya kigoda. Ili uone lazima uiname. Wazee wa nyumba ile hawakuinama mbele ya kigoda changu.

Shangazi ndiye aliyeinama nusu, akatazama, akanyooka. "Hii laptop si njo inafanyaga montaji? Banaweka muntu, banatoa muntu. Televisheni haina akili ya kudanganya. Inaonyesha tu."

Nikapunguza picha. Weusi ukarudi, na pale kushoto kwenye televisheni yao wenyewe Asukulu akatokea na kofia yake. Nilidhani imekwisha.

"Ah!" wakasema. "Tumeona! Amebonyeza, njo amemuweka sasa hivi!"

Nimeunganisha kwenye nyumba nyingi. Nimeona watu wakilia, nimeona watu wakipigana kwa kumwona marehemu akicheka. Sijaona kitu kama kile. Kile kioo cha televisheni ndicho kilichokuwa kinasema uongo, na kwa kuwa ni kizee, kizito, na kimefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kikapewa heshima ya shahidi. Laptop iliyokuwa na ukweli ikaambiwa mwongo kwa sababu inatoka ndani ya mkoba wangu. Shangazi Feza hakungoja zaidi. Alitoka mlangoni akaita kuelekea kwenye ua, sauti ikisikika mpaka kwa majirani: "Riziki! Rudi na huyo mwanaume wako mulipolala. Hapa hatupokee binti ya kuibwa."

Nyuma ya ua nilisikia wakiinuka.

Ndani, Koko alikuwa bado anaangalia kioo. Alisema polepole, "Mutoto anasema televisheni inakula bantu. Kama inakula, itukule siye tuone."

"Mama, acha mambo yako," Shangazi akasema.

"Nimesema itukule."

Koko akisema mara mbili hakuna wa kupinga. Nikachukua simu yangu, nikasimama penye ukuta, nikawapiga video wote walivyoketi, mstari mmoja, kutoka kwenye kabati hadi mlangoni. Nikaihamisha kwenye laptop. Nikaijaza kioo chote, bila weusi, kama walivyotaka tangu mwanzo.

Wakajiona. Walikuwa wamekonda kama watu wa kambini. Wakajihesabu kwa vidole, huyu, huyu, na huyu. Koko akawa wa kwanza kucheka, kicheko cha kukohoa.

"Wilondja," akamwambia mwanawe aliyekaa karibu na mlango, "weye leo haukuya?"

Baba Mdogo Wilondja hakuwepo kwenye kioo. Palikuwa na goti lake tu. Aliinuka akasogelea televisheni, akagusa ukingo wake kana kwamba atajikuta nyuma. Nikapunguza picha, akaingia. Nikajaza, akatoka. Nikapunguza tena. Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyesema montaji, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama pale na suruali ileile.

"Basi Asukulu alikuwepo," Koko akasema.

Ndipo Wilondja, akirudi kwenye kiti chake, akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hasira yangu inaanza upya. Alisema, "Alikuwepo. Mi nilimuonaga kwa telefone. Banitumia ile video tangu siku ya mahari."

Shangazi Feza akamgeukia. "Na umenyamaza?"

"Hakuna aliniuliza."

Alikuwa na ukweli mfukoni muda wote huo! Alikaa nao wakati wanampigia Asukulu, wakati wananiita mwongo, wakati binti wa kaka yake anafukuzwa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Anasema hakuulizwa. Na mbaya zaidi, hawakumkasirikia. Mmoja alisema, "Huyu Wilondja naye," wakacheka kidogo, ikaishia hapo.

Koko ndiye aliyeinuka, akatoka na fimbo yake. Mimi nilikuwa nimehamia karibu na mlango, nikawasikia. Riziki na Heri walikuwa wameanza kuondoka. Riziki aliposikia fimbo nyuma yake alirudi hatua chache, akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika bibi yake mikono.

"Mwanangu, ingia. Bamemuona mujomba. Bamekubali."

"Koko, weye nakusalimia. Nilikuya juu yako na juu ya baba. Lakini ndani siingie."

"Ni kosa ya televisheni, mwanangu. Ilikula mujomba yako."

"Mi nilikuwa hapa," Riziki akasema. "Nyuma ya lupango. Hakuna hata mumoja alikuya kuniuliza kama nilimupa mujomba yangu maji. Mimi si njo nilimupa? Baliuliza ile kioo. Basi bakae nayo."

Hakupaza sauti. Alifungua mfuko, akatoa kitambaa cha kichwa alichomletea, akakiweka begani kwa Koko, akasimama. Heri akamchukulia mfuko, wakashika njia ya kushuka ziwani. Koko alibaki pale njiani ameegemea fimbo. Hakuwaita tena.

Nilirudisha macho ndani. Wao walikuwa wamekwisha kupanga viti upya. Vyakula vilikuwa vimeivishwa kwa ajili ya mapokezi, sahani zikaanza kupita. Shangazi Feza aliketi mbele kabisa, uso wake umerudi kwenye kicheko.

"Haya, petit. Sasa tuwekee ile ya ngoma, bibi harusi akicheza. Na weka hiyo nyeusi yako, tuone bantu yote."

Nikaweka, kisha nikarudi mlangoni. Picha ilikuwa kamili, pande zote nne, mjomba na kofia yake akipiga makofi mwisho wa benchi. Kwenye televisheni Riziki alikuwa anacheza. Nje, Riziki mwenyewe alikuwa anashuka njia, kitenge chake kikionekana kati ya mihogo. Pale mlangoni nilipokuwa ungeweza kuwaona wote wawili kwa kugeuza shingo tu. Wao walikuwa wameupa mlango mgongo.

Nikaenda kwenye televisheni, nikachomoa fishi ya njano. Kioo kikawa cheusi, sauti ya ngoma ikabaki.

"Ah! Juu ya nini umezima? Sherehe iko katikati!"

"Shangazi," nikamwambia, "geuka."

Hakugeuka. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye kile kioo cheusi, akitaka niirudishe picha.